Adam Opel na Wana Wake Watano

1. Mwana wa fundi wa kufuli

Baisikeli ni chombo kinachojulikana na watoto wote. Katika Katanga watu wengi huiita kinga. Humpeleka mkulima sokoni, humpeleka mwalimu shuleni, na pengine humpeleka mgonjwa hospitalini. Lakini ni wachache wanaojua habari za watu walioanza kuitengeneza. Hii ni habari ya mmoja wao. Jina lake Adam Opel, mtu wa Ujerumani. Yeye na mkewe na wana wao watano walijenga kiwanda kikubwa cha baisikeli.

Katika Ujerumani uko mto uitwao Main. Kando ya mto huo, karibu na miji ya Mainz na Frankfurt, upo mji wa Rüsselsheim. Siku hizi ni mji wa viwanda, lakini zamani ulikuwa mahali padogo tu, pa wakulima na mafundi wachache. Hapo ndipo alipozaliwa Adam, tarehe 9 Mei 1837.

Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Tangu asubuhi hadi jioni alisimama mbele ya meza yake ya kazi, akikata chuma, akikipiga tupa, akitengeneza kufuli, funguo na bawaba za milango. Adam alikua katika sauti ya nyundo. Alipofikia umri wa kufanya kazi, baba yake akampa tupa mkononi na kumfundisha.

Kazi ya kufuli ni kazi ya subira. Ufunguo ukizidi unene kidogo tu, hauingii. Ukipungua kidogo tu, haufungui. Mtu mwenye haraka hawezi kazi hiyo. Adam alijifunza kupima vizuri, kukata polepole, na kutoridhika na kitu kilichokaribia kuwa sawa. Samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo hayo ya ujana hayakumtoka maisha yake yote.

2. Safari ya Paris

Siku zile mafundi vijana wa Ujerumani walikuwa na desturi njema. Kijana akimaliza kujifunza kazi kwa bwana wake, hakukaa nyumbani. Alifunga mzigo wake, akashika njia, akaenda kutumika katika miji ya mbali, apate kuona jinsi mafundi wengine wanavyofanya. Mwaka 1857, alipokuwa na miaka 20, Adam naye akawaaga wazazi wake.

Akaenda kwanza katika nchi ya Ubelgiji, akafanya kazi huko. Kisha akafika Paris, mji mkubwa wa Ufaransa. Huko ndiko alikoona kitu kilichomshangaza kupita vyote: mashini ya kushonea, ndiyo cherehani.

Kwa watoto wa leo cherehani si ajabu. Fundi wa nguo huketi nayo barazani, na kila mtu husikia mlio wake. Lakini wakati ule nguo karibu zote zilishonwa kwa mkono, sindano moja na uzi mmoja, na kanzu moja ilimchukua mshonaji siku nyingi. Cherehani ilishona kwa saa moja kazi ya siku nzima. Kwa hiyo washonaji wengi waliichukia. Mwaka 1831, huko huko Paris, washonaji waliingia kwa ghadhabu katika karakana ya fundi mmoja aitwaye Thimonnier, wakazivunja mashini zake. Walidhani zitawanyang'anya chakula chao.

Adam hakuogopa. Aliitazama ile mashini kama fundi wa kufuli anavyotazama kufuli ngeni: akataka kujua inavyofanya kazi ndani. Akaingia katika kiwanda kimoja cha vyerehani, akafanya kazi huko miaka kadhaa, akajifunza kila chuma na mahali pake. Mdogo wake Georg alimfuata Paris, naye akajifunza.

3. Zizi la ng'ombe

Mwaka 1862 Adam alirudi kwao Rüsselsheim. Alikuwa na miaka 25. Hakuleta mali nyingi. Alileta ujuzi kichwani na mikononi.

Baba yake alifurahi kumwona mwanawe, lakini hakufurahia mawazo yake. Mzee alikuwa fundi wa kufuli, na baba anayejua kazi moja vema hupenda mwana aishike hiyo hiyo. Zile mashini za kushonea hakuziamini. Aliona kufuli zina wateja siku zote, kwa kuwa kila mlango wataka kufuli. Lakini nani katika mji mdogo kama ule atanunua mashini ya gharama kubwa?

Adam hakugombana na baba yake. Wala hakuacha shauri lake. Katika karakana ya mzee alitengeneza cherehani yake ya kwanza. Hakuwa na mashini za kukata chuma kama za Paris. Karibu kila kitu alikifanya kwa mkono, kwa tupa na nyundo, kwa subira ile aliyofundishwa utotoni. Aliyeinunua alikuwa mshonaji wa pale pale Rüsselsheim, jina lake Hummel. Cherehani hiyo ilimtumikia mshonaji miaka mingi sana.

Lakini mafahali wawili hawakai zizi moja. Kazi ya kufuli na kazi ya vyerehani hazikuweza kukaa katika karakana moja. Adam alihitaji mahali pake mwenyewe. Mjomba wake alikuwa na zizi la ng'ombe lisilotumika tena, akampa. Adam akalisafisha, akaweka meza ya kazi, akaanza. Ndivyo kilivyoanza kile kiwanda ambacho baadaye kilijulikana katika nchi nyingi: ndani ya zizi la ng'ombe.

Mtu angepita pale siku zile, angecheka. Lakini vyerehani vilivyotoka zizini vilikuwa vizuri, na mshonaji mmoja alimwambia mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Mama Sophie

Mwaka 1868 mambo mawili makubwa yalitokea. La kwanza, Adam alihama zizini, akajenga kiwanda cha kweli, na ndani yake akaweka mashini ya mvuke ya kuzungusha mashini nyingine. La pili, alimwoa Sophie Scheller.

Sophie alikuwa binti wa mwenye nyumba ya wageni. Katika nyumba ya baba yake alizoea kupokea watu, kuhesabu fedha na kuangalia kazi ya wengi. Hakuwa mke wa kukaa jikoni tu na kungoja habari. Alisaidia katika mambo ya kiwanda, akajua nani amelipa na nani hajalipa. Adam alijua chuma; Sophie alijua watu na hesabu. Hivyo nyumba ilisimama juu ya nguzo mbili.

Walizaa wana watano: Carl mwaka 1869, Wilhelm mwaka 1871, Heinrich mwaka 1873, Fritz mwaka 1875, na Ludwig mwaka 1880. Watoto hawa walikua karibu na kiwanda, kama baba yao alivyokua karibu na karakana ya kufuli.

Miaka ilipita, na kazi ikaongezeka. Kila mwaka maelfu ya vyerehani yalitoka Rüsselsheim, yakapelekwa katika Ujerumani yote na nje yake. Aina moja ya cherehani ilipewa jina la Sophia, kwa kumheshimu mama wa nyumba. Adam Opel sasa alikuwa tajiri. Angeweza kustarehe. Lakini viwanda vya vyerehani vilikuwa vimekuwa vingi, na kila mwenye kiwanda alijaribu kuuza kwa bei ya chini kuliko jirani yake. Mwenye akili aliona kwamba siku moja cherehani peke yake haitatosha.

5. Gurudumu refu kama mtu

Siku moja, Adam alipokuwa katika safari ya Paris, aliona watu wakipita barabarani juu ya chombo kigeni. Kilikuwa na gurudumu moja kubwa mbele, na jingine dogo sana nyuma. Ndiyo baisikeli ya siku zile.

Kwa nini gurudumu la mbele lilikuwa kubwa hivyo? Sababu ni hii. Baisikeli ile haikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa katika gurudumu lenyewe. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja, basi. Gurudumu dogo likizunguka mara moja huenda hatua chache. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja huenda mbali. Kwa hiyo aliyetaka kwenda mbio alitafuta gurudumu kubwa, hata likafika kifuani pa mtu mzima au kupita.

Lakini mwendeshaji aliketi juu kabisa. Gurudumu likigonga jiwe, yeye alirushwa mbele, kichwa chini. Wengi walivunjika mikono, na wengine walikufa. Inasimuliwa kwamba Adam mwenyewe alijaribu kuipanda, akaanguka vibaya. Alipoinuka, alikuwa amekata shauri: kitu hicho hakifai, wala hakitatengenezwa katika kiwanda chake.

Nani angeweza kumlaumu? Alikuwa mtu wa miaka karibu 50, mwenye kazi ya heshima. Cherehani huleta nguo na chakula. Baisikeli ile ilileta mifupa iliyovunjika.

6. Baba anawasikiliza wanawe

Lakini wanawe hawakuona hivyo. Mwaka 1886 Carl alikuwa na miaka 17, Wilhelm 15, Heinrich 13, Fritz 11. Hata Ludwig, mtoto wa miaka 6, hakutaka kuachwa nyuma. Vijana hawa waliipenda baisikeli. Wakamwomba baba yao mara kwa mara.

Tena hawakuomba kwa ajili ya mchezo tu. Walikuwa na hoja. Katika Uingereza, kwenye mji wa Coventry, kiwanda kimoja cha vyerehani kilikuwa kimeanza kutengeneza baisikeli tangu mwaka 1869, na kilifanikiwa. Kwa maana kazi hizi mbili ni ndugu. Katika zote mbili mna vyuma vyembamba vinavyozunguka, vinavyotakiwa kulingana sawasawa, bila kusuguana. Fundi anayejua kutengeneza cherehani hashindwi na baisikeli.

Hapo Adam alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kuwanyamazisha wanawe. Yeye ndiye baba, na kiwanda ni chake. Lakini miaka 24 iliyopita yeye mwenyewe alikuwa kijana aliyerudi na wazo geni, na baba yake hakuliamini. Kama angalimtii baba yake katika jambo lile, hakuna cherehani hata moja ambayo ingalitoka Rüsselsheim, na yeye angalikuwa anachonga funguo.

Basi akakubali. Mwaka huo huo wa 1886 baisikeli za kwanza zilianza kutengenezwa katika kiwanda cha Opel. Mwanzoni vyuma vingi viliagizwa Uingereza, kwa kuwa mafundi wa Rüsselsheim walikuwa hawajazoea. Baadaye walijifunza kuvitengeneza wenyewe.

Twajua sote kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hilo ni neno la kweli. Lakini hapa mkubwa naye aliwasikiliza wadogo, na nyumba yake yote ikapata faida.

7. Mnyororo na mpira

Wakati ule ule baisikeli yenyewe ilibadilika. Mwaka 1885, huko Coventry, John Kemp Starley alitengeneza baisikeli ya namna nyingine. Magurudumu yake mawili yalikaribia kulingana, na pedali zilikuwa katikati, si katika gurudumu. Gurudumu dogo lenye meno mengi liliungwa na pedali, na jingine lenye meno machache likawekwa katika gurudumu la nyuma. Mnyororo ukayaunganisha yote mawili. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili au zaidi. Kwa hiyo gurudumu kubwa halikuhitajiwa tena. Mwendeshaji akashuka chini, miguu yake ikaweza kufika ardhini, na hatari ikapungua. Hata leo baisikeli zetu hufuata mfano ule. Kiwanda cha Opel nacho kikaacha magurudumu marefu na kufuata njia hiyo mpya.

Mwaka 1888 likatokea jambo jingine. Katika mji wa Belfast alikaa mganga wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop. Alitaka baisikeli ndogo ya mwanawe, yenye magurudumu matatu, iende bila kumtikisatikisa, akaifunga mipira yenye hewa ndani. Kabla ya hapo magurudumu yalivikwa mpira mgumu, na kila jiwe la njiani lilisikika mwilini. Sasa hewa ililichukua jiwe, na mtu akaenda kama anayepita juu ya mto wa pamba. Watu wengi sana wakaanza kununua baisikeli.

Mpira huo ulitoka wapi? Ulitoka katika misitu ya nchi za joto, na sehemu yake ilitoka hapa Kongo. Katika miaka ile nchi yetu ilikuwa chini ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Wazee wetu walilazimishwa kuingia msituni kuutafuta mpira. Walioleta kidogo waliadhibiwa vikali. Wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Watu wa Ulaya walioendesha baisikeli zao kwa furaha siku ya mapumziko, wengi wao hawakujua jambo hilo. Ni haki wanafunzi wa Kongo walijue. Chombo kizuri kikitengenezwa, yafaa kuuliza pia ni nani aliyetoa jasho, na kama alilipwa.

8. Baisikeli yenye viti vitano

Wana wa Opel hawakuuza baisikeli kwa maneno. Waliziuza kwa miguu yao. Watu hawaamini upesi chombo wasichokijua. Basi wale ndugu watano walikwenda katika mashindano ya mbio, wakaendesha baisikeli za nyumba yao mbele ya macho ya watu. Walishindana katika Ujerumani na nje yake. Wote pamoja walishinda mara zaidi ya 500. Kila waliposhinda, watazamaji waliuliza baisikeli ile imetoka wapi.

Iko picha moja ya zamani inayojulikana sana. Ndani yake waonekana ndugu wote watano juu ya baisikeli moja tu ndefu, yenye viti vitano, mmoja nyuma ya mwenziwe. Chombo cha namna hiyo kina sheria yake. Aliye mbele hushika usukani, lakini hawezi kwenda peke yake. Aliye nyuma haoni njia, lakini akilegeza miguu, wote wanne huona uzito. Akitaka mmoja kwenda kulia na mwingine kushoto, wote huanguka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na katika kazi walifanya vivyo hivyo. Mmoja alishughulika na hesabu na wateja, mwingine na mashini. Ludwig, mdogo wao, alisoma sheria. Hawakugawana kiwanda vipande vipande kama watu wanaogawana nyama.

9. Kiti cha baba

Tarehe 8 Septemba 1895 Adam Opel alikufa kwa homa ya matumbo. Alikuwa na miaka 58. Carl, mwanawe wa kwanza, alikuwa na miaka 26. Ludwig alikuwa bado mtoto wa miaka 15.

Mara nyingi nyumba ya tajiri huanguka siku ya mazishi yake. Ndugu hugombana, wafanyakazi hutawanyika, wenye madeni hubisha hodi. Lakini Mama Sophie hakuruhusu hayo. Alikuwa na miaka 55. Aliijua kazi tangu siku za kwanza, akaendelea kuiongoza pamoja na wanawe wakubwa.

Baada ya miaka michache shida ikaja. Baisikeli zilikuwa nyingi kupita wanunuzi. Kutoka Marekani zililetwa baisikeli za bei ndogo kwa wingi mkubwa, na viwanda vingi vya Ujerumani vikafungwa. Basi wale ndugu wakafanya kama baba yao alivyofanya zamani: hawakungoja mpaka kazi ife mikononi mwao. Mwaka 1899 walianza kutengeneza magari. Walimwita fundi aitwaye Lutzmann kutoka mji wa Dessau, ambaye, kama babu yao, alikuwa fundi wa kufuli. Magari yale ya kwanza hayakuleta faida nzuri, wakaachana naye mwaka 1901. Lakini hawakukata tamaa. Wakajaribu tena, wakafaulu. Adam mwenyewe hakutengeneza gari hata moja. Hayo yalikuwa matunda ya wanawe.

10. Moto na mwisho wa nyumba

Mwezi wa Agosti 1911 moto mkubwa ulishika kiwanda. Mafundi walipofika, sehemu kubwa ilikuwa imekuwa majivu. Mwaka huo huo hesabu ya vyerehani vilivyotengenezwa tangu siku za zizi la ng'ombe ilikuwa imefika milioni moja.

Wana wa Opel walisimama mbele ya kuta zilizoungua. Ilikuwa lazima kuchagua. Wakajenga upya, kwa mashini mpya zilizo bora, wakaendelea na baisikeli na magari. Vyerehani wakaviacha. Bila shaka haikuwa kazi nyepesi kuiacha kazi ya mikono ya baba yao. Lakini walijua kwamba baba hakuwaachia cherehani tu; aliwaachia pia moyo wa kuanza upya.

Mama Sophie aliona kiwanda kikisimama tena. Akafa mwaka 1913, mwenye miaka 73.

Mwaka uliofuata vita kuu vya kwanza vikaanza. Mwaka 1916 Ludwig, yule mdogo wa wote, aliuawa vitani. Kiti kimoja kikawa kitupu. Baada ya vita kazi ilirudi kwa nguvu, na katika miaka ya 1920 kiwanda cha Opel kikahesabiwa kuwa kiwanda kikubwa kabisa cha baisikeli duniani. Lakini Carl alikufa mwaka 1927, na Heinrich mwaka 1928. Viti vitatu vikawa vitupu. Wakabaki Wilhelm na Fritz, nao walikuwa wamezeeka.

Mwaka 1929 sehemu kubwa ya kiwanda iliuzwa kwa kampuni ya General Motors ya Marekani, na baada ya muda mfupi ikachukua yote. Wenye mali wapya walitaka magari. Kazi ya baisikeli ikahamishiwa kiwanda kingine cha Ujerumani kiitwacho NSU, na mwaka 1937 baisikeli ya mwisho ya Opel ilitoka Rüsselsheim. Tangu mwaka 1886 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 2.

Hadi leo magari yenye jina la Opel yanatembea barabarani, ingawa ukoo wa Opel si wenye kiwanda tena. Mali hupita mkono hata mkono. Kilichoijenga nyumba ile hakikuwa mali. Kilikuwa subira ya fundi aliyejua kupiga tupa, akili ya mama aliyejua hesabu, na umoja wa ndugu watano waliokanyaga pedali pamoja. Zaidi ya hayo, alikuwako baba mmoja ambaye, baada ya kukataa, aliweza kuwasikiliza watoto wake.

MASWALI

1. Adam Opel alizaliwa wapi na mwaka gani? Baba yake alifanya kazi gani?
2. Kwa nini washonaji wa Paris walivunja mashini za Thimonnier? Je, walifanya vema?
3. Kiwanda cha Opel kilianza katika nyumba ya namna gani?
4. Eleza kwa nini baisikeli za kwanza zilikuwa na gurudumu kubwa mbele. Mnyororo ulibadilisha nini?
5. Mpira wa Kongo ulipatikanaje katika siku za Leopold II? Waulize wazee wa kwenu kama wamesikia habari hizo.
6. Adam aliwakataza wanawe, kisha akawakubalia. Mama Sophie na wanawe walifanya nini baada ya kifo chake? Katika nyumba hii ni nani unayetaka kumfuata? Toa sababu.